Mzima wa Afya Njema

Kambi ya daraja
Jumanne, 4 Juni

Mwalimu,

Shikamoo. Mimi ni baba wa yule mtoto mwembamba wa Darasa la Nne anayekaa kwa shangazi yake, nyumba yenye geti la bluu. Geti hilo nililichomelea mwenyewe, na kama limepinda kidogo upande wa chini, basi ujue siku hiyo nilikuwa na njaa. Nyumbani tunamwita Nati. Mama yake alipofariki tulibaki wawili, nikawa namwambia mimi ni bolti na yeye ni nati, mmoja bila mwenzake ni chuma chakavu tu. Jina likashika.

Nakuandikia kwa sababu simu hapa kambini kazi yake ni kutazamia saa; mawasiliano hakuna mpaka uvuke milima miwili. Barua zinakwenda na lori la vifaa mara mbili kwa wiki, na dereva wake ni mtu mwaminifu.

Shida yangu ni hii. Dada yangu ameniandikia kwamba Nati siku hizi amekuwa mzembe. Anamimina chai pembeni ya kikombe. Amejigonga kwenye fremu ya mlango mara mbili ndani ya wiki moja. Dada anasema ni kutaka kudekezwa, na yeye hana muda wa kumdekeza mtu. Labda ni kweli. Lakini mtoto wangu namjua. Tangu ana miaka mitano alikuwa ananishikia skrubu karakana, na hajawahi kuangusha hata moja.

Sisi mafundi hapa tunakwenda likizo kwa zamu. Yangu ni Jumapili ya tarehe 16. Nikiiacha hiyo, nyingine inakuja baada ya wiki saba. Kuna mwenzangu ambaye mke wake anakaribia kujifungua na zamu yake iko mbali. Ameniomba kwa aibu nimpe yangu. Sijamjibu. Wewe unamwona Nati kila siku. Kama kuna jambo lolote, niambie nije. Kama hakuna, mwenzangu aende akampokee mtoto wake.

Ni mimi,
Baba Nati, fundi wa kuchomelea


Shuleni
Jumanne, 11 Juni

Ndugu mzazi,

Marahaba. Barua yako nimeipata asubuhi ya leo, na alama ya kidole cha grisi juu ya bahasha. Nimeifurahia. Katika miaka ishirini na sita ya kufundisha, akina baba walioniandikia kuuliza hali ya mtoto ni wachache mno. Wengi huniandikia kuuliza kwa nini mtoto kashika nafasi ya arobaini.

Umenikuta kwenye pilikapilika. Wiki hii shule nzima imefunga vitabu, tunajifunza kwa vitendo. Jumatatu kuandika barua za kweli za kutumwa kweli, Jumanne kupima uwanja, Jumatano kufinyanga, Alhamisi michezo, na Ijumaa wazazi wanakuja kutazama kazi zilizobandikwa ukutani. Mimi nimepewa barua, na sitajificha, hilo ndilo somo ninalojivunia. Nina watoto hamsini na wanne. Jana waliandika rasimu, nikazisahihisha zote mchana ule ule ofisini, na leo wamenakili upya kwa mwandiko safi. Mtoto akitoka mikononi mwangu hajui kuandika barua yenye anwani, tarehe, salamu, mwanzo, kiini na mwisho, mimi hujiona sijafanya kazi.

Sasa kuhusu binti yako. Leo nimemfuatilia kwa makusudi. Anakaa nyuma, safu ya dirishani, mtulivu, daftari lake safi. Tulipokuwa tunapima uwanja kwa hatua alipitiliza akajigonga kwenye mlingoti wa bendera, wenzake wakavunjika mbavu, naye akacheka pia. Ni umri huo. Mikono na miguu inarefuka, akili inabaki nyuma ikiikimbilia. Mabinti zangu mwenyewe walimaliza vikombe vya nyumba nzima kati ya miaka tisa na kumi na mmoja.

Lakini usichukue neno langu peke yake. Ndani ya bahasha nimeweka barua yake mwenyewe aliyoinakili leo, kumi juu ya kumi. Soma mstari wa kwanza baada ya salamu. Mtoto mwenyewe anakuambia hali yake. Mpe mwenzako zamu kwa roho nyeupe.

Wako katika malezi,
Mwalimu wa Darasa la Nne


Darasa la Nne
Jumanne, 11 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Mimi ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali nami.

Hapa nyumbani sote hatujambo. Shangazi anakusalimu. Masomo yanaendelea vizuri. Wiki hii tuna wiki ya vitendo na sisi wanafunzi tunafurahi sana. Nitajitahidi katika masomo yangu ili nije kuwa raia mwema.

Sina mengi ya kuandika ila nakutakia kazi njema. Wasalimie wote wanaonifahamu.

Ni mimi,
mwanao mpendwa


Kambini
Ijumaa, 14 Juni

Nati wangu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya nne niliwasomea mafundi wenzangu wakati wa chai, na msimamizi wetu akauliza kama unaweza kuja kumwandikia ripoti zake. Kumi juu ya kumi! Mimi shuleni kumi nilikuwa naiona kwenye kalenda tu.

Jambo moja limenichekesha. Umeandika "mwanao mpendwa", hukuandika Nati. Nikajiuliza huyu mtu mzima aliyeniandikia ni nani. Sijakasirika, umekua. Ila barua nyingine uniwekee Nati hata kwenye kona.

Kilichonifurahisha zaidi ya yote ni kusoma kwamba u mzima. Shangazi yako alikuwa amenitia wasiwasi na habari za vikombe, nikawa nimeshafunga begi. Lakini baba akisikia mwanawe ni mzima, tena kwa maneno ya mwana mwenyewe, anataka nini tena? Zamu yangu nimempa mwenzangu anayetarajia mtoto. Alinikumbatia mpaka kofia yangu ikaanguka. Mimi nitakuja mwanzoni mwa Agosti.

Mwambie Mwalimu nimeusoma mstari wa kwanza kama alivyoniagiza. Na huko mitaani usichungulie moto wa mafundi, unajua nilivyokukataza.

Baba yako,
Bolti


Shuleni
Jumatatu, 17 Juni

Ndugu mzazi,

Nimeona nikumalizie habari za wiki yetu, maana mwenye mtoto mbali hupenda kusikia hata yasiyo na maana.

Jumatano kila mtoto aliambiwa afinyange kitu cha kwao. Wengi walifinyanga sufuria, nikahesabu kumi na tisa. Binti yako alifinyanga barakoa yako ya kuchomelea. Wenzake walisema ni ndoo, lakini mimi niliitambua. Ila dirisha lake alilitoboa upande wa kushoto tu, dogo. Nikamwambia barakoa ya fundi ina kioo kipana katikati, akasema yake iko hivyo. Ana kichwa kigumu kidogo, sijui kakitoa wapi.

Alhamisi kwenye mbio za kijiko na limau alihama njia yake akaingia ya mwenzake, wakaanguka wote wawili. Nilimpa onyo la kucheza rafu.

Ijumaa nakala ya barua yake niliibandika katikati ya ukuta. Mgeni wetu, mkaguzi wa elimu, aliisoma kwa sauti mbele ya wazazi, akasema huu ndio mfano wa barua. Dada yako alisimama mbele yake amekunja mikono, akasema hajawahi kuambiwa yeye maneno mazuri kama yale. Binti yako nilimtafuta apige picha na mkaguzi, nikamkuta nyuma ya mlango wa darasa, hakutaka kutoka.

Leo majibu ya barua yamesomwa darasani. Waliojibiwa ni kumi na mmoja tu, kwa hiyo unaweza kujua alivyoonewa wivu. Alisoma vizuri, kwa sauti, mpaka ulipoandika kwamba umefurahi kuwa yu mzima. Hapo akaikunja karatasi na kukaa. Nikamwambia mtu hasomi barua nusu. Akasema herufi zimeisha. Darasa likacheka, nami nikaona ni haya za kitoto.

Umefanya uungwana kwa mwenzako. Siku ya kuja, pita shuleni tuonane.

Wako katika malezi,
Mwalimu wa Darasa la Nne


Nyumbani
Jumamosi, 20 Julai

Kaka,

Dereva nimemwambia akupe hii mkononi, asiichanganye na mizigo.

Leo asubuhi tulikuwa tunafua. Nati alikuwa ananipa vibanio vya nguo. Nikasimama upande wake wa kulia nikanyoosha mkono, hakuuona. Nikamwita, akageuza shingo yote kunitafuta, na mimi niko hapa hapa. Nikamziba jicho la kushoto kwa kitambaa, kwa mchezo tu, nikamwambia nipe kibanio chekundu. Kaka, alisimama. Mikono imening'inia. Akasema, "Shangazi, huku sioni kitu."

Nimekimbia naye hospitali na nguo zangu za kufulia. Daktari anasema pazia la nyuma ya jicho la kulia limebanduka, tena siku nyingi. Akaniuliza kwa nini hatukumleta kivuli kilipoanza. Karibu miezi miwili namwita mzembe. Kila alipomwaga chai nilimpa kitambaa afute, nami nimesimama juu yake.

Jumatatu tunakwenda hospitali kubwa. Sikuombi uje. Nakuambia uje.

Dada yako


Kambini
Ijumaa, 9 Agosti

Mwalimu,

Shikamoo. Nimerudi kambini juzi. Nisamehe sikupita shuleni, siku zangu zote huko zimeishia kwenye mabenchi ya hospitali.

Jicho la kulia halitaona. Wamelipasua, wamejaribu, wameokoa umbo lake lakini si nuru yake. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Alisema chanzo ni kupigwa na kitu, pengine mpira wakati wa mapumziko, na Nati amekumbuka ni kweli alipigwa na mpira mwezi wa tano, akanawa uso, akaingia darasani. Kivuli kikaanza wiki ya mwisho ya mwezi huo. Angeletwa ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo, daktari anasema wangelirudisha lile pazia mahali pake. Nimehesabu. Tarehe 16 Juni ningewahi.

Nilimuuliza daktari mara tatu kama si moto wa kuchomelea, mpaka akachoka nami. Si moto. Nati aliposikia hivyo alilia sana, nami nikadhani ni maumivu.

Sasa nikuambie linaloniuma. Daktari aliuliza kama mtoto aliwahi kulalamika. Ile barua yake natembea nayo mfukoni, nikaitoa nikamwonyesha. Mwezi wa sita kaandika yu mzima wa afya njema, na kivuli alikuwa nacho. Nikamgeukia pale pale. Nikamwambia, "Umenidanganya. Nilikuwa nimefunga begi, wewe ukaniandikia u mzima." Alitazama sakafu tu. Mpaka naondoka hakunijibu neno juu ya hilo, alinishika mkono akaniaga kama mgeni.

Nampenda, Mwalimu, lakini nimekasirika, na sijui hasira juu ya mtoto wa miaka kumi mwenye jicho moja mtu huiweka wapi. Wewe anakusikiliza. Mwambie mtoto hamfichi mzazi wake ugonjwa. Mwambie kwa upole.

Wewe hukukosea kitu. Uliniambia ulichokiona.

Baba Nati


Shuleni
Jumatano, 21 Agosti

Ndugu mzazi,

Barua hii haitakuwa na mwanzo wake wa kawaida. Siwezi kukuambia kwamba mimi ni mzima.

Yako niliipata tarehe 12. Nilipofika pale ulipoandika kwamba mtoto hakukujibu, nilikwenda kabatini nikatoa daftari lake la rasimu. Leo ni siku ya tisa. Siku tisa daftari limekaa kwenye droo yangu, na kila asubuhi naingia darasani namwona, sasa anakaa mbele, na lile uliloniagiza sijamwambia. Nilifikiria kuchana ukurasa mmoja. Daftari lina kurasa themanini, nani angejua? Nakueleza hilo ili umjue vizuri mtu anayekuandikia.

Rasimu yake ya Jumatatu, tarehe 10 Juni, ni hii neno kwa neno:

"Baba shikamoo. Mimi si mzima. Jicho langu la kulia lina kitu cheusi kama pazia linashuka na kila siku linashuka zaidi. Sijamwambia shangazi. Ni kwa sababu siku ile ulipochomelea geti nilichungulia moto kwenye tundu la mlango na ulinikataza. Naomba usinikasirikie. Nikifumba la kushoto sikuoni kwenye picha. Njoo unitazame wewe kwa sababu wewe unajua habari za macho. Ni mimi Nati."

Maneno "si mzima" yamekatwa kwa mstari mwekundu, na juu yake, kwa mwandiko wangu, pameandikwa "ni mzima wa afya njema". Yaliyofuata yote nimeyapiga mstari mmoja wa kukata kona hadi kona. Pembeni nimeandika: "Barua ya kirafiki haianzi na malalamiko. Fuata mfano wa ubaoni." Jina Nati nimelikata, nikaweka "mwanao mpendwa". Alama nne juu ya kumi.

Sikuisoma. Sina neno zuri zaidi ya hilo. Nilikuwa na barua hamsini na nne kwa mchana mmoja, nikitafuta sehemu sita za barua, na kalamu ilisimama palipokosekana mwanzo ninaoufundisha kila mwaka. Laiti ningeteremka mstari mmoja tu. Kesho yake asubuhi barua yako ikafika ukiniuliza, nami nikakutumia maneno yangu mwenyewe yawe ushahidi wa hali ya mwanao. Zamu yako uliitoa kwa neno langu. Yeye alikuwa ameshakuita.

Leo hatimaye nilipiga moyo konde nikamwita ofisini, nikaufungua ukurasa mbele yake. Nikamuuliza kwa nini hakukuambia pale hospitali kwamba aliandika. Alinijibu, "Uliyafuta, Mwalimu. Nikajua hayo hayasemwi." Alisema bila kinyongo, kama anavyojibu swali la darasani. Nilimwomba radhi.

Binti yako hakukudanganya. Ukurasa wenyewe nimeuchomoa, umo ndani ya bahasha hii, ni mali yako. Nakala nimempa mwalimu mkuu, atafanya atakavyoona. Ninajuta, na najua majuto yangu hayakusaidii kitu wewe wala yeye.

Mwalimu wa Darasa la Nne


Kambini
Jumapili, 25 Agosti

Mwalimu,

Ukurasa umefika. Nimekuandikia mara tatu na mara tatu nimechana. Ya kwanza ilikuwa matusi. Ya pili ilikuwa msamaha, lakini haikuwa ya kweli. Ya tatu sikumbuki.

Sijui kama nitakusamehe. Naamka asubuhi nimekusamehe, ikifika saa ya chai nimeghairi. Yule mwenzangu alirudi na picha ya mtoto wake wa kike, bado anamwonyesha kila mtu, na kila mara ananiletea mimi kwanza. Namsifu mtoto. Kisha natoka nakwenda kukaa kwenye vyuma.

Ila nami sina pa kujificha. Barua ile niliisoma mara nne. Niliona jina la Nati halimo, nikacheka. Mimi ni fundi. Ningekuta nati haipo kwenye kiungo cha daraja nisingecheka, ningesimamisha kazi ya watu wote mpaka nijue imekwenda wapi.

Bahasha ndogo iliyomo ndani ni ya Nati. Mpe mkononi. Hiyo usiisome.

Baba Nati


Darasa la Nne
Jumatatu, 2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Mimi si mzima sana. Jicho la kulia haliumi, linawasha tu nikitoka juani. Halioni na daktari amesema halitaona. La kushoto limepimwa tena, ni zima kabisa, daktari amesema litafanya kazi ya mawili na nisisome gizani.

Barua yako ndogo nimeisoma. Shangazi alitaka kuisoma pia nikamwambia ni yangu, akasema haya. Sikukukasirikia uliposema nimekudanganya. Niliona aibu, kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu kweli. Umeandika kwamba unaniomba radhi. Sijui mtu mzima akiomba radhi anajibiwa nini, kwa hiyo na mimi nasema haya.

Nilipochungulia moto siku ile sikuona chochote cha ajabu, mwanga tu. Nilikuwa nataka kuona unachokiona wewe. Sitarudia.

Tukila siku hizi shangazi anakaa upande wangu wa kushoto. Alikuwa ananimiminia chai, nikamwambia naweza. Juzi nilimimina ikaingia yote isipokuwa kidogo. Hiyo kidogo aliifuta yeye.

Leo Mwalimu ametuandikisha barua tena ingawa si wiki ya vitendo. Hakuandika mfano ubaoni. Amesema kila mtu aanze jinsi alivyo. Wengine walikaa wanatazama ubao mtupu wakisubiri. Watu wanne wameandika si wazima. Mmoja ni jino tu, lakini mwingine Mwalimu aliposoma alitoka naye nje wakakaa huko muda mrefu, na waliporudi yule mwenzetu alikuwa amenawa uso. Kalamu nyekundu hakuja nayo. Hii yangu ameisoma mpaka hapa. Amesimama karibu nami, upande ninaouona, anasubiri nimalize.

Kwa hiyo namaliza. Nilitaka kusema jambo moja tu, hayo mengine ni ya kukusalimia. Zamu yako ikifika, usimpe mtu.

Ni mimi,
Nati